Fomu ya Mwanga katika Nchi ya Kungugu

Nchi ya Kungugu sijaiona katika ramani yoyote, na njia ya kwenda huko sitaieleza, kwa kuwa hata waliofika hawakubaliani juu yake. Itoshe kusema kwamba nilifika, na kwamba niliitwa kwa kazi. Mimi ni Hemedi Kilongola, fundi bati. Natengeneza mifereji ya mvua, mapipa na majiko, na sina elimu ya kuhukumu serikali za watu. Naandika nilichokiona.

Nchi hiyo iko bondeni, na juu ya bonde limelala wingu ambalo halijaondoka tangu watu waanze kukumbuka. Saa sita mchana huko ni kama magharibi huku kwetu: unamtambua mtu kwa kimo na mwendo wake, lakini huwezi kusoma barua wala kuchambua mchele. Mlima mmoja tu ndio uliotoboa wingu, na kileleni jua linawaka kutwa. Wahenga wa nchi hiyo walichonga beseni kubwa huko juu, wakatandaza mifereji ya shaba mpaka bondeni, na mwanga hushuka humo kama maji. Nilitia mkono nikauonja. Una uzito kidogo, na joto la kutosha. Ukiukinga kwenye sufuria, maharage yanaiva kabla mwenye kuni hajamaliza kupuliza.

Nilidhani nchi yenye neema kama hiyo haina mtu aliye gizani. Nilipotembea mitaani nikaona kwamba katika kila nyumba kumi, sita hazina tawi la mfereji. Idara ya Mwanga huhesabu kwa namna nyingine. Kwake, mtaa una mwanga ikiwa mfereji umepita juu yake. Kwa hesabu hiyo nchi nzima ina mwanga, na kuna sikukuu ya kuadhimisha jambo hilo, ambayo wenye mifereji huisherehekea ndani na wasio nayo huisikia kutoka nje.

Aliyeniita alikuwa Bwana Kadiri, katibu wa Idara, mtu mwembamba, nadhifu, mpole wa sauti. Katika muda wote niliokaa naye sikumwona akimdhulumu mtu nje ya utaratibu.

"Fundi," aliniambia, "Mfereji Mkuu unavuja juu ya Mtaa wa Kivuli. Kuna mama mmoja, anaitwa Bi Sikitu. Mwanga unamdondokea uani kila siku."

"Amelalamika?"

"Hajalalamika. Hilo ndilo linalotutia wasiwasi."

Akanieleza kwamba mwanga unaodondoka bado ni mali ya Idara mpaka uguse ardhi, na ukigusa ardhi unakuwa taka, nayo taka ni mali ya Idara nyingine. Kuukinga kwa chombo ni wizi. Kuutazama kwa makusudi ni matumizi bila kibali. Kwa hiyo wakazi wa chini ya mfereji huagizwa kutandaza maturubai ili mwanga usiwapate. Bi Sikitu alikuwa ametandaza lake, lakini lilikuwa na matundu thelathini na moja. Bwana Kadiri aliyahesabu mwenyewe.

Nilipangiwa kulala kwa huyo mama, ili niwe karibu na kazi. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la nyuma. Kuni za nchi ile hazikauki, kwa kuwa hakuna jua la kuzikausha, na moshi wake ni mzito kiasi cha kuweza kuuegemea. Bi Sikitu alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha haraka. Alinikaribisha kwa kunishika mkono na kuniongoza mpaka kwenye kigoda.

"Kaa hapo, baba. Kushoto kwako kuna ukuta, kulia kwako kuna mume wangu. Usiwachanganye, maana wote wawili hawajibu salamu mara ya kwanza."

"Nimeitikia," sauti ikasema kutoka kulia. "Wewe ndiye hukusikia."

Huyo alikuwa Mzee Ngwali. Kwa miaka thelathini alikuwa mpiga mbiu wa Baraza, akizunguka mitaani na kutangaza kila sheria mpya. Kusoma hakujua, alisomewa mara moja, akashika, akatoka kutangaza. Sasa macho yake yalikuwa yakitoka machozi bila kukoma kwa sababu ya moshi, na alistaafishwa kwa hoja kwamba mtu anayelia akitangaza sheria anaivunjia heshima.

Tulipokuwa tukila nikauliza kwa nini hawana tawi la mfereji, ilhali mfereji wenyewe uko juu ya paa.

"Tumeomba," alisema Bi Sikitu. "Mwaka huu ni wa ishirini. Kila mwaka nachukua fomu, na kila mwaka inanishinda. Fomu imeandikwa kwa wino usioonekana ila kwa mwanga wa mfereji."

"Basi si uijazie kwa jirani mwenye mfereji?"

"Lazima ijazwe nyumbani kwa mwombaji. Anakuja mtu wa kushuhudia."

Nilidhani mama wa watu ananitania. Kesho yake nilimuuliza Bwana Kadiri, naye akathibitisha kila neno.

"Mwanga si kitu cha kumpa mtu yeyote tu," alisema. "Tunataka tuwe na hakika kwamba mwombaji ana uzoefu. Asiyeweza kuisoma fomu nyumbani kwake ameonyesha mwenyewe kwamba hana."

"Lakini anauhitaji."

Akafungua jalada. "Hapana. Tulifanya utafiti. Nilikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba katika Mtaa wa Kivuli, nikawauliza wanatumia mwanga kiasi gani kwa siku. Wote wakajibu kwamba hawatumii. Mahitaji yao ni sifuri, fundi. Ni watu wa kuigwa."

Sikumwambia kwamba watu wale wale hununua mwanga kila jioni kwa wachuuzi, kijibuyu kimoja kisichozidi kidole gumba, kisichoweza kuufichua wino wa fomu, na kwamba vijibuyu vya mwaka mmoja vingetosha kulipia mfereji wa miaka mitano. Alikuwa akijua. Jambo hilo lilikuwa katika jalada lingine, lenye kichwa cha habari "Starehe".

Nilipanda juu ya paa nikauziba mfereji. Ndiyo kazi niliyoitiwa, nami niliifanya vizuri, kwa lehemu na kipande cha shaba, na hapakuvuja hata chembe. Niliposhuka, Bi Sikitu alikuwa ameketi uani chini ya turubai, pale ambapo vile vitone thelathini na kimoja vilikuwa vikimwangukia mapajani kabla sijaziba.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Kazi nzuri," alisema, na akaendelea kuketi palepale. Siku ile sikula kwa raha.

Siku ya tatu Bwana Kadiri alikuja mwenyewe na barua, akaisoma kwa kutumia kijibakuli cha mwanga alichokibeba mfukoni, kisha akakifunika. Ilikuwa barua ya pongezi. Kwa mujibu wa Sheria ya Miaka Ishirini, kaya iliyokaa gizani miaka ishirini mfululizo huhesabiwa kuwa Kaya ya Giza la Asili. Inapewa nishani ukumbini mbele ya Baraza, na tangu siku hiyo inalindwa dhidi ya usumbufu wa mwanga, wao, watoto wao na watakaozaliwa na watoto wao. Kaya kumi na moja za mtaa huo zingetunukiwa siku moja, baada ya siku nne.

"Maana yake hatutaomba tena?" aliuliza Bi Sikitu.

"Hamtakuwa na haja ya kuomba tena," alisema Bwana Kadiri kwa upole. "Vaeni vizuri. Kuna mchoraji."

Alipoondoka, Bi Sikitu hakucheka. Alisema binti yao Mize, aliyeolewa mtaa wa pili, ana mimba ya miezi saba, na kwamba yeye alikuwa amemwahidi kumlea mjukuu mahali ambapo mtoto ataijua sura ya bibi yake. Kisha akaanza kupuliza moto, na alipuliza muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji.

Midomo ya Mzee Ngwali ilikuwa ikicheza. Nilifikiri anasali, kumbe alikuwa akizipitia sheria zake, moja moja, kama mtu anayetafuta ufunguo katika kapu.

"Sikitu," alisema mwishowe, "nyumbani kwa mtu ni wapi?"

"Hapa."

"Kwa sheria, nakuuliza."

"Sijui, Ngwali. Niache."

"Niliitangaza mwenyewe, mwaka ule wa kesi za talaka, wanaume walipokuwa wakigombea nyumba. 'Nyumbani kwa mtu ni pale mafiga yake yalipo na chungu chake kinachemka. Na kuzima moto wa jiko la mtu ni kosa, hata kwa mkubwa.' Haijafutwa. Ingefutwa ningeitangaza."

Bi Sikitu aliacha kupuliza. Nilisikia akivuta pumzi, kisha kile kicheko chake kikaanza taratibu, kikapanda, kikamtoa nje mpaka kwa jirani, na kutoka kwa jirani kikaenda nyumba ya tatu. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa ukicheka, na mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kufuma vikapu kumi na kimoja vya bati vya kubebea mawe.

Ukumbi wa Baraza ni jengo zuri. Dari yake ni mfereji mtupu, na mwanga ni mwingi kiasi kwamba wajumbe huvaa kofia zenye ukingo mpana. Tulipoingia, kaya kumi na moja zilizovaa vizuri, kila moja na kikapu chake, kila mmoja alifumba macho na kugonga aliye mbele yake. Spika Shaweji, mzee mkubwa wa mwili, alisimama akaanza hotuba. Alilisifu giza. Aliusifu hata moshi, akauita manukato ya mababu, na wajumbe wakapiga meza.

Wakati huo Bi Sikitu alikuwa ameinama. Aliweka figa la kwanza sakafuni, la pili, la tatu, akapanga kuni mbichi, akawasha, akabandika chungu cha maharage. Nyuma yake kaya nyingine kumi zilifanya vivyo hivyo. Spika alifika kwenye neno "manukato" kwa mara ya pili, akakohoa.

"Nini hicho?"

"Ni mimi, mheshimiwa," alisema Bi Sikitu. "Nimehamia."

Wajumbe walisimama wote. Mmoja akaagiza moto uzimwe. Mzee Ngwali, aliyekuwa amesimama kando ya mlango, akainua sauti yake ile ya zamani, akaitangaza sheria ya mafiga toka mwanzo mpaka mwisho, pamoja na tarehe yake na jina la Spika aliyeitia saini, ambaye alikuwa baba yake Spika Shaweji. Askari aliyekuwa ameshika ndoo ya maji akairudisha chini taratibu.

Ndipo ukaanza mjadala, ambao niliufuata kwa shida kwa sababu ya macho. Mjumbe mmoja alisema kwamba huo si moshi bali ni utamaduni, na akaomba dirisha lifunguliwe. Mwingine akasema madirisha hayafunguki, kwa kuwa jengo halikutarajia. Wa tatu akapendekeza iundwe kamati ya kuchunguza kama moshi unaumiza, na akachaguliwa kuwa mwenyekiti, lakini alikuwa ameshatoka nje. Spika alikuwa akilia kwa machozi mengi. Mchoraji alimchora hivyo hivyo, na nilisikia baadaye kwamba picha ile ilitundikwa shuleni ikiwa na maneno "Kiongozi aliyeguswa".

Katikati ya vurugu hiyo Bwana Kadiri alikuwa ameketi wima mezani kwake. Bi Sikitu akamwendea.

"Baba, nipe fomu."

"Fomu hujazwa nyumbani kwa mwombaji, mama."

"Nipo nyumbani."

Bwana Kadiri alikitazama chungu. Kilikuwa kinachemka. Alitazama mafiga, akayahesabu, yakawa matatu. Nilimwona akitafuta moyoni mwake namna ya kukataa, na asiione. Akatoa fomu.

Bi Sikitu akaiinua juu, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini akayaona maandishi. Alikuwa amesoma utotoni, kidogo. Alisoma akifuata kwa kidole.

"Swali la kwanza. 'Je, unauona mwandiko huu?'" Akaandika: Ndiyo. "Swali la pili. 'Unahitaji mwanga kwa ajili gani?'"

Maharage yalikuwa yakitokota. Kisha akaandika kwa herufi kubwa kubwa, nami niliyekuwa nyuma yake nilisoma: Mume wangu alie akiwa na huzuni tu.

Maswali yalikuwa hayo mawili. Bwana Kadiri akapiga muhuri. Kaya kumi zilizobaki zikapanga foleni, naye akazipigia zote bila kuinua kichwa, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola.

"Imekubaliwa," alisema. "Tawi litavutwa mpaka nyumbani kwako, yaani hapa."

Hapo ndipo wote tulipotambua. Mwanga ulikuwa umekubaliwa kwenda mahali ambapo ulikuwepo tayari, na ukumbi wa Baraza ulikuwa sasa ni makazi ya kaya kumi na moja. Spika alimwomba Bi Sikitu arudi kwake. Bi Sikitu akasema kwake ndipo hapa, na kwamba wageni wanakaribishwa lakini wavue viatu. Bwana Kadiri, ambaye nadhani ndiye mtu pekee katika nchi ile aliyezitii sheria zote, alipekua kitabu akasema kwamba Baraza lisilo na ukumbi hukutana katika nyumba iliyo wazi iliyo karibu. Nyumba iliyo wazi iliyo karibu ilikuwa ya Bi Sikitu.

Basi Baraza la Kungugu likahamia Mtaa wa Kivuli. Nilikuwepo, maana mzigo wangu ulikuwa bado humo. Wajumbe arobaini waliingia katika vyumba viwili, kila mmoja akitafuta kigoda kwa mikono. Siku ya kwanza walipitisha muswada wa barabara, na ilipochunguzwa baadaye ikaonekana walichotia saini ni orodha ya nguo za dobi. Siku ya pili mjumbe mmoja alihutubia nusu saa akielekea ukutani, akashukuru kwa kusikilizwa kwa utulivu. Chakula kilipikwa kwa kuni za mtaa ule. Spika akamwita Bwana Kadiri.

"Vuta tawi la mfereji humu. Leo."

"Haiwezekani, mheshimiwa. Mwombaji ajaze fomu nyumbani, kwa mwanga wa mfereji."

"Mwanga uko wapi?"

"Hakuna. Na kwa mujibu wa utafiti wangu, mahitaji ya nyumba hii ni sifuri."

Spika akanigeukia mimi, akaniuliza kama naweza kuutoboa mfereji. Nilimjibu kwamba nimeuziba vizuri sana, kwa amri. Nikiri kwamba niliyasema hayo kwa raha.

Siku ya tatu walibadilisha sheria. Walipiga kura kwa kushikana mikono, wasije wakakosea hesabu, na kwa kuwa walikuwa na haraka hawakuipima sana. Ilisema: nyumba yoyote ambamo mjumbe wa Baraza ameketi itavutiwa tawi la mfereji siku hiyo hiyo, bila fomu. Hawakupata mtu mwingine wa kuitangaza, kwa hiyo walimwita Mzee Ngwali. Aliisikia mara moja, akaenda kuitangaza mitaa yote, na alipoitangaza mara ya tatu, watu walikuwa wameshaielewa kuliko walioitunga.

Sijapata kuona mji wenye ukarimu wa namna ile. Wanawake walitoka kuwaalika wajumbe kwa chai. Mjumbe aliketi, akanywa funda moja, Bwana Kadiri akaandika, mafundi wakavuta tawi, na kabla chai haijapoa mjumbe alikuwa ameshashikwa mkono kupelekwa nyumba ya pili. Mtaa wa Ukingoni, ulio mbali, ulikodi wajumbe wawili kwa siku nzima. Spika Shaweji hakuweza kutembea sana, kwa hiyo vijana wanne walimbeba juu ya kiti, wakamwingiza mlango mmoja na kumtoa mwingine. Kila alipotuliwa sakafuni alisema, "Nimeketi," na kila aliposema hivyo nyumba ilishangilia. Jioni alikuwa ameketi katika nyumba themanini na sita. Alikuwa na uso wa mtu aliyegundua, akiwa mzee, kwamba anafaa kwa kitu. Mimi nililehemu matawi mpaka vidole vikafa ganzi, na sikudai ujira.

Bi Sikitu aliurudisha ukumbi kwa Baraza, umefagiwa, ila madoa ya masizi darini hayakutoka. Akarudi kwake na mafiga yake kichwani. Tawi la nyumba yake nililivuta mimi mwenyewe, nikatia bomba jikoni na bakuli la shaba katikati ya chumba, nikafungua. Mwanga ukajaa taratibu, ukafika ukingoni, chumba kikaonekana chote: kuta nyeusi, mkeka, kabati ambalo kumbe lilikuwa la bluu.

Mzee Ngwali alikuwa ameketi akimtazama mkewe. Alimtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Bi Sikitu akaona haya, akavuta khanga.

"Nini?"

"Una mvi," alisema Mzee Ngwali.

"Tangu lini?"

"Sijui. Sikuwepo."

Bi Sikitu akacheka, lakini kicheko hakikufika mwisho. Akasogea karibu na bakuli, akaketi, akaitoa khanga kichwani.

"Basi tazama," alisema.

Nikachukua mfuko wangu wa vyombo nikatoka polepole, nikawaacha.